Sajini wa stoo: askari mmoja wa Burma katika siasa za Tanga, 1946–1960

Kuhusu kisa hiki

Mhusika anaitwa hapa Bwana H. Alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, akarudi Tanga baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kuingia katika harakati za kudai haki sawa. Jina lake, kikosi chake, mtaa wake na majina ya wenzake yameondolewa, na tarehe za mambo ya familia zimesogezwa kidogo. Tarehe za mambo ya nchi zimeachwa kama zilivyo. Kisa kimejengwa juu ya kitabu chake cha kuachishwa jeshi, madaftari ya shule aliyoandikia hesabu za vyama, nakala za barua, na masimulizi ya watoto wake na majirani.

Kimechaguliwa kwa sababu kinasumbua simulizi iliyozoeleka. Simulizi hiyo husema: vijana walikwenda Burma (Myanmar ya leo), wakamwona Mzungu akiogopa na kufa kama mtu yeyote, wakarudi hawamwogopi tena, wakadai uhuru. Si uongo. Lakini watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika walipita jeshini katika vita vile, na wengi wao walirudi kwenye jembe, mkonge na biashara ndogondogo bila kugusa siasa. Kama risasi za Burma zingetosha kumfanya mtu mwanasiasa, Tanganyika ingechemka mwaka 1946. Haikuchemka. Swali la kisa hiki ni nini kilimtofautisha Bwana H. na wenzake walioshuka naye kwenye treni ileile.

Usuli

Tanga iliwajua askari waliorudi vitani muda mrefu kabla ya Burma. Novemba 1914 jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishuka hapa likapigwa na kikosi cha Mjerumani cha watu wapatao 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Walioshinda vita ile kwa sehemu kubwa walikuwa askari Waafrika. Baadhi yao waliishi na madai ya ujira wao kwa nusu karne: ni mwaka 1964 ndipo Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa wale waliokuwa bado hai. Kijana wa Tanga wa miaka ya 1930 alikulia karibu na wazee wa namna hiyo, na alijua kwamba serikali inaweza kukutumia halafu ikakusahau.

Kizazi hicho kiliacha pia beni. Ngoma hii ya pwani, yenye makundi ya Marini na Arinoti, ilikuwa na vyeo vya kijeshi, sare, ada, na utaratibu wa kuzikana na kusaidiana. Wageni waliiona kama mchezo wa kuigiza gwaride. Kwa watu wa mjini ilikuwa pia shule ya kuendesha chama: nani anakusanya, nani anashika fedha, nani anaitwa akichelewa kulipa.

Uchumi wa mji ulisimama juu ya mkonge, reli na bandari. Mashambani manamba, yaani kibarua wa mkataba, alifanya kazi kwa kipande (kadi ya kazi) cha siku 30, na siku moja haikuandikwa mpaka kazi aliyopangiwa iishe. Bandarini meli kubwa zilitia nanga nje na shehena ikaletwa gatini kwa matishari, yaani mashua za mizigo, kwa hiyo kila tani ilipita mikononi mwa makuli mara mbili. Makuli wa Tanga waligoma mwaka 1939, kabla askari wa Burma hawajaandikishwa. Jambo hili husahaulika sana: harakati za haki mjini hazikungoja askari warudi.

African Association, chama cha Waafrika, nayo ilikuwapo tangu 1929. Miongoni mwa waanzilishi wake Dar es Salaam alikuwa Kleist Sykes, aliyekuwa askari wa Mjerumani katika vita vya kwanza. Wanawe Abdulwahid na Ally walikwenda Burma katika vita vya pili. Abdulwahid akawa katibu wa chama cha makuli wa Dar es Salaam baada ya mgomo wa 1947, kisha kiongozi wa chama kilichokwisha kuitwa Tanganyika African Association, TAA. Ukoo huo unatajwa hapa kwa sababu unaonyesha njia ileile itakayoonekana kwa Bwana H.: jeshi, kisha kazi, kisha chama kilichokuwapo tayari.

Yaliyotokea

*Jeshini, 1942–1946.* Bwana H. alisoma hadi darasa la nne na alikuwa karani wa shamba la mkonge, kazi yake kuhesabu mafungu ya majani jioni. Alijiandikisha mwaka 1942. Kwa kuwa alijua kuandika hakukaa sana na bunduki: alipelekwa stoo, akamaliza vita akiwa sajini. Alipita Ceylon (Sri Lanka ya leo) na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kisha bonde la Kabaw mwaka 1944, katika msimu wa mvua, mpaka mto Chindwin.

Stoo ilimfundisha mambo mawili. La kwanza ni daftari la pande mbili, kilichoingia na kilichotoka, na saini kila mstari. La pili halikuwamo katika mafunzo. Aliyegawa mgao na kuona orodha za malipo alijua, kwa shilingi na senti, tofauti kati ya Mzungu, Mhindi na Mwafrika wa kazi moja. Askari wengine waliihisi tofauti hiyo. Yeye aliiandika kwa mkono wake. Alijua vilevile kwamba katika Keya cheo cha juu cha Mwafrika mpiganaji kiliishia chini ya ofisa, na kwamba kiboko kilibaki adhabu halali kwa askari Mwafrika wakati wa vita.

Huku nyumbani mkewe alikwenda boma kila mwezi kupokea sehemu ya mshahara ambayo mumewe aliagiza alipwe mke. Foleni ya wake wa askari ilikuwa ndefu na karani alidai shahidi wa kumtambulisha kila mmoja. Wanawake wakaanza kushuhudiana wenyewe kwa wenyewe, na katika foleni hiyohiyo wakaanzisha upatu. Kikundi hicho kitarudi katika kisa hiki, na kimeandikwa vibaya mno katika madaftari ya mumewe.

*Chama cha askari, 1946–1948.* Alirudi mwaka 1946 na kitabu cha kuachishwa, medali, suti moja na akiba kwenye benki ya posta. Miezi michache baadaye yeye na wenzake walianzisha chama cha waliotoka vitani, wakikutana Ngamiani. Daftari la kwanza lina majina 43. Kiingilio shilingi 5, ada shilingi 1 kwa mwezi. Waliandika barua kwa bwana DC, mkuu wa wilaya, yenye madai manne: msamaha wa kodi ya kichwa, leseni za biashara bila malipo, viwanja, na kazi za serikali kwa waliopigana.

Jibu lilichukua miezi na lilikuwa fupi: kila mtu aende mwenyewe ofisi ya kazi na kitabu chake. Baada ya hapo mambo matatu yalikivunja chama. Ulizuka ubishi kama paionia, yaani waliochimba barabara na kubeba mizigo ya jeshi, ni askari kamili. Kura ikapigwa wakakataliwa, na 11 kati ya 43 wakaondoka siku hiyo. Mwaka 1947 mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulianza kuajiri Kongwa, na madereva na mafundi wakaenda huko. Kisha mweka hazina akahama na kitabu cha posta. Ukurasa wa mwisho wa daftari, wa mapema 1948, una majina 6.

*Kutoka boma hadi bandarini, 1948–1951.* Bwana H. alikuwa ameajiriwa boma kama karani mdogo. Mwaka 1949 aliacha kazi hiyo akawa karani wa kuhesabu shehena kwenye matishari, katika kampuni binafsi, kwa sababu mshahara ulizidi kidogo. Mwaka huohuo alijiunga na tawi la TAA. Lilikuwa tawi la walimu na makarani: watu wa kusema vizuri, lakini ada hazikusanywi na kumbukumbu za mikutano hazipo. Ndani ya miezi sita alipewa uhazini.

*Barua kwa ujumbe wa Umoja wa Mataifa, 1951.* Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na kila miaka mitatu ujumbe ulikuja kukagua. Tawi liliamua kuandaa barua. Rasimu ya kwanza, kwa mwandiko wa Bwana H., imeanza na malalamiko ya askari. Rasimu ya pili imeyashusha hadi aya ya tano. Juu pamewekwa mishahara kwa rangi, wodi za hospitali na viti katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwalimu mmoja wa tawi ndiye aliyemshawishi.

*TANU, 1954–1958.* Tarehe 7 Julai 1954 TAA iligeuka TANU. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na siasa, na kamati ya tawi la Tanga ikapungua ghafla kwa sababu wengi walikuwa walimu wa serikali na makarani wa boma. Bwana H. hakuguswa na katazo hilo. Sheria ya vyama ya mwaka 1954 ikataka pia kila tawi lisajiliwe peke yake, na kwingineko nchini yalikuwapo matawi yaliyonyimwa usajili au kufungwa. Tawi hili lilikuwa na katiba, majina ya viongozi, orodha ya wanachama na hesabu za fedha tangu 1949. Maombi yaliandaliwa kwa siku chache.

Januari 1958 mkutano wa Tabora uliamua TANU ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Bwana H. aliupinga mpango huo mpaka siku ya mwisho kabla ya uamuzi, halafu akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaandikisha wapiga kura. Yeye mwenyewe hakupiga kura. Sheria ilidai kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 250 kwa mwezi, au elimu ya darasa la nane, au kushika nafasi fulani za uongozi. Kipato chake kilikuwa chini ya hapo, shule yake iliishia la nne, na cheti cha masomo ya jeshini hakikuhesabiwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kuanzisha chama cha askari peke yao ulikuwa na mantiki. Walifahamiana, walizoea nidhamu, na walikuwa na ahadi za maofisa wao masikioni. Kosa lilikuwa kwenye madai yenyewe. Yote manne yaliomba upendeleo: tusamehewe kodi sisi, tupewe leseni sisi. Kuli wa bandarini hakuwa na sababu ya kuunga mkono barua ya namna hiyo, na DC alijua hivyo. Ilikuwa rahisi kuwajibu mmoja mmoja kwa sababu walikuwa wameomba kama watu mmoja mmoja waliojipanga mstari.

Uamuzi wa kuwakataa paionia ulitokana na kiburi cha Keya, wala hakuna namna nyingine ya kuueleza. Madaftari yanaonyesha kwamba paionia ndio waliokuwa wakilipa ada kwa wakati. Chama kilichozaliwa kwa uchungu wa kubaguliwa kwa daraja za mshahara kilianza maisha kwa kupanga daraja zake.

Kuacha kazi ya boma mwaka 1949 hakukuwa hesabu ya kisiasa, ingawa watoto wake wanapenda kusimulia hivyo. Katika pambizo ya daftari ameandika tofauti ya mishahara miwili na bei ya gunia la mchele. Uhuru wake wa mwaka 1954 ulikuwa zao la mchele. Anayesoma visa vya aina hii asimpe mhusika kuona mbali ambako hakukuwako: hali yake iliruhusu, na wenzake wenye moyo uleule walifungwa mikono na ajira zao.

Uamuzi wa 1951 wa kushusha malalamiko ya askari hadi aya ya tano ndio mzito kuliko yote, nao ulimuuma. Rasimu ya pili ina mistari miwili iliyokatwa na kurudishwa mara mbili. Alichokubali hatimaye ni hiki: hoja ya mishahara ya jeshi inakuwa na nguvu ikiwa mfano wa hoja ya mishahara yote. Tofauti aliyoiona stoo ilikuwapo pia katika reli, ofisi za serikali na hospitali. Alipoiweka hivyo, makuli na wauguzi waliitambua kuwa yao.

Kuhusu kura tatu, alipinga kwa hoja ya haki sawa: mpango huo uliwapa Wazungu na Waasia wachache viti sawa na Waafrika walio wengi. Upande wa pili ulisema kwamba kususa kungewaachia UTP, chama kilichoanzishwa 1956 kupingana na TANU, viti vyote. Zuberi Mtemvu alijitoa TANU kwa sababu ya uamuzi huo akaanzisha African National Congress. Bwana H. alibaki. Maelezo ya familia ni kwamba jeshini alizoea kubishana kabla ya amri na kunyamaza baada yake. Huenda. Lakini ilikuwapo pia sababu ya kawaida: orodha ya wanachama ilikuwa yake, na asingekwenda nayo popote.

Matokeo

TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda katika uchaguzi uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Kwa uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili kukatosha. Bwana H. akapata sifa kwa mara ya kwanza, lakini viti vingi vilipita bila mpinzani na TANU ikachukua 70 kati ya 71. Baadaye alikuwa diwani kwa kipindi kimoja.

Madai yake binafsi ya uaskari hayakulipwa kamwe. Aliyeandikishwa kwa muda wa vita alipewa kiinua mgongo mara moja, si pensheni, na mjane wake hakuwa na cha kurithi kutoka jeshini isipokuwa medali. Lile suala la maofisa na mishahara nalo halikuisha na Uhuru. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililozaliwa kutokana na Keya, waliasi katika kambi ya Colito wakidai mishahara na maofisa Waafrika. Jeshi likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huo JWTZ ikaundwa kwa msingi mwingine.

Uchambuzi

Kilichomfanya Bwana H. awe na uzito ni daftari. Inasikika kama jambo dogo. Lakini tazama chama cha ukombozi cha mwaka 1954 kilihitaji nini hasa: kujua nani ni mwanachama, nani amelipa, stakabadhi namba ngapi imetolewa, barua gani ilitumwa lini na ilijibiwaje. Bila hayo hakuna usajili, na bila usajili polisi anafunga mlango. Wazungumzaji hodari Tanga haikuwahi kuwakosa. Mtu wa kukaa na taa ya chemli akilinganisha stakabadhi na fedha alikuwa adimu, na jeshi lilikuwa limemtengeneza mmoja kwa gharama yake.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila mkusanyaji alipewa kitabu cha stakabadhi 50 zenye namba. Jumamosi alirudisha kitabu na fedha pamoja; kimoja bila kingine hakikupokelewa. Mtu wa pili alihesabu. Jumla iliandikwa kwa wino, na kosa lilikatwa mstari mmoja likabaki linasomeka, na saini pembeni. Fedha zilipelekwa posta Jumatatu, na kutoa kulihitaji saini tatu, jambo lililowekwa kwa sababu ya yule mweka hazina wa 1948. Hasara pekee iliyoandikwa baada ya hapo ni vitabu viwili vilivyolowa mvua.

Jambo la pili lililofaulu ni kuhama kutoka "sisi tuliopigana" kwenda "sisi tunaolipwa kwa rangi". Mifano ya nje inaonyesha kitu hichohicho. Huko Accra, Gold Coast (Ghana ya leo), Februari 28, 1948, askari wa zamani waliandamana bila silaha kupeleka barua kwa gavana katika ngome ya Christiansborg, polisi wakapiga risasi na kuwaua watatu: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Praiveti Odartey Lamptey. Mji ukalipuka. Lakini mji huo ulikuwa umetoka tu katika mgomo wa kususia bidhaa za kigeni ulioandaliwa na Nii Kwabena Bonne, na kulikuwa na chama cha siasa, UGCC, cha kuigeuza hasira kuwa madai. Miaka mitatu na ushei nyuma, Desemba 1, 1944, jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wake Waafrika waliodai malipo yao Thiaroye, nje ya Dakar. Wafu walikuwa wengi zaidi, lakini yale yalitokea kambini, mikononi mwa jeshi lenyewe, na hakukuwa na harakati ya mjini ya kuyabeba siku ile.

Marekani nayo inafaa kutazamwa, kwa tahadhari. Medgar Evers alirudi kutoka vitani Ulaya akajaribu kupiga kura Decatur, Mississippi, mwaka 1946, akazuiwa na Wazungu wenye silaha. Nguvu yake ilionekana alipokuwa mtumishi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, katika jimbo hilo tangu 1954. Amri ya Rais Truman namba 9981 ya Julai 26, 1948, iliyoagiza usawa jeshini, ilitoka baada ya shinikizo la mashirika na baada ya kisa cha Isaac Woodard, sajini aliyepigwa na polisi South Carolina mwaka 1946, akiwa bado na sare, mpaka akapofuka. Tofauti na Tanganyika ni kubwa: Mmarekani mweusi alikuwa na katiba ya kuitaja mahakamani, Bwana H. alikuwa na ujumbe wa ukaguzi kila miaka mitatu.

Sasa yaliyokwama. Sauti ya sajini ilimharibia. Mwaka 1952 alikwenda kuwaandikisha makuli akawapanga mstari na kuwakaripia waliochelewa. Mmoja akamwambia, "Bwana sajini, hapa si kwaride," wakaondoka wote. Ilichukua karibu mwaka kuwarudisha, na aliyewarudisha ni mmoja wa wale paionia waliokataliwa 1946, ambaye sasa alikuwa serang'i (msimamizi) wa tishari na alijua kuongea nao wakati wa kula. Ustadi wa jeshi ulifaa mezani na ukadhuru gatini, na wanachama wengi walikuwa gatini.

Kubwa zaidi ni wanawake. Kile kikundi cha upatu cha foleni ya boma hakikufa. Kiliingia katika lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, na tangu 1950 kilikuwa kikichangia kodi ya chumba cha ofisi ya tawi, karibu theluthi yake kwa miezi mingi. Katika daftari la Bwana H. michango hiyo imeandikwa "mke wa fulani", au kwa jina la mume. Mtu aliyekasirishwa na orodha za malipo za jeshi hakuona kasoro katika orodha yake. Mwaka 1955, TANU ilipoanzisha kitengo cha wanawake, na Bibi Titi Mohamed akawa anawaingiza wanawake wa Dar es Salaam kupitia vikundi vya ngoma, tawi la Tanga lilitaka kufanya vivyo hivyo. Wanawake wakaulizwa kiingilio kama wageni. Baadhi wakajibu wameshalipa miaka mitano. Hapakuwa na stakabadhi hata moja yenye majina yao, na kanuni yake mwenyewe ilisema bila stakabadhi hakuna malipo. Viongozi watatu wa kikundi hawakuchukua kadi mpaka 1957, na wafuasi wao wakangoja nao.

Hili linastahili uzito kuliko kisa cha kitabu cha posta, kwa sababu wizi ulirekebishwa kwa saini tatu, wakati kosa hili halikuonekana kuwa kosa. Hata leo familia ikisimulia, chumba cha ofisi "kilikodiwa na baba".

Kwa wanaofuatilia visa vya aina hii

Familia nyingi za Tanga na Bagamoyo zina babu wa Burma, na karibu kila babu wa Burma anasimuliwa kuwa mwanzilishi wa TANU. Kabla ya kuandika, pitisha simulizi kwenye vipimo hivi.

Medali si uthibitisho peke yake. Nyota ya Burma ina pembe sita na utepe wenye mstari mwekundu katikati, samawati nzito pande zake na rangi ya chungwa ndani yake, lakini nyota za vita vya pili walizopewa askari wetu hazikuchongwa majina. Inaweza kuwa ya jirani au ya kununuliwa. Kitabu cha kuachishwa ndicho chenye namba, cheo, tarehe na maneno kuhusu tabia.

Linganisha tarehe na safari za vikosi. Uhabeshi ni 1940–1941, Madagaska 1942, na divisheni ya 11 iliingia mapigano ya Burma mwaka 1944. Anayesema Keya ilimpeleka vitani Burma mwaka 1942 huenda amechanganya mwaka wa kujiandikisha na wa kwenda. Hilo si la kumkatia mtu simulizi. Muulize mvua, meli, chakula, na jina la mto.

Kadi ya TANU haiwezi kuwa ya kabla ya Julai 1954. Ya nyuma ya hapo ni ya TAA au ya African Association, nayo ina thamani zaidi, kwa hiyo usiruhusu familia iitupe kwa kudhani ni ya chama kingine.

Karatasi zisilaminishwe: joto na gundi huharibu wino, na plastiki haitoki tena. Zipigwe picha au skani kwa doti 300 kwa inchi angalau, kurasa zote pamoja na tupu na jalada, maana hesabu muhimu ya kisa hiki, ile ya mchele, ilikuwa pambizoni. Nakala moja ibaki kwa familia. Asili zikitolewa kwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, familia idai hati ya makabidhiano yenye orodha ya kila kipande.

Mwisho, uliza majina ya wanawake kabla ya kufungua daftari. Ukishalisoma daftari utauliza kwa mpangilio wake, na mpangilio wake una waume tu. Katika kisa hiki majina tisa ya wanakikundi yalipatikana kwa binti mmoja wa mtaani aliyekumbuka zamu za upatu, mama gani alipokea baada ya mama gani. Zamu hizo zilipolinganishwa na tarehe za kodi ya chumba, miezi saba ilikubaliana.